Kangaga la Ashdown

Mimea ina historia kama watu walivyo na historia, lakini historia ya mmea mara nyingi huandikwa na adui zake. Mkulima huandika habari za gugu siku ile linapomshinda. Zamani lilipomfaa hakuona sababu ya kushika kalamu. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za mmea mmoja ambao katika nchi ya Uingereza ulikuwa mali ya kugombewa mbele ya mahakimu, kisha baada ya muda usiozidi umri wa mtu mzima ukawa adui wa kupimwa kwa hekta na kutafutiwa sumu. Mmea haukubadilika. Kilichobadilika ni watu waliokuwa karibu nao.

Mmea huo ni kangaga. Si lile kangaga tulijualo pwani, lipendalo matope na maji, bali ni ndugu yake wa milimani, ambalo hupenda mteremko na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Halitoi ua wala tunda. Majani yake huchomoza ardhini yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, kisha hukunjuka yakawa mapana na yenye kuchanika mfano wa manyoya ya ndege, na mahali pengi hufikia kimo cha mtu. Majira ya baridi yakikaribia hugeuka rangi ya kutu na kulala chini. Lakini hayo yaonekanayo ni sehemu ndogo ya mmea. Mwili wake hasa umo ardhini: mashina meusi yatambaayo gizani, mengine karibu na uso wa nchi yakichipusha majani, mengine chini zaidi yakiwa ghala la chakula. Moto ukipita juu, ghala hubaki salama. Kwa mashina hayo kangaga husogea mbele kidogo kidogo mwaka hata mwaka, na leo hupatikana katika kila bara la dunia isipokuwa Antaktika.

Waingereza wa kale hawakuliona kuwa balaa. Katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa nchi, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta sakafu za nyumba zilizotandikwa kangaga na majani makavu kiasi cha miaka 1,900 iliyopita. Katika karne zilizofuata watu waliliezekea mapaa, wakalitandikia ng'ombe na farasi katika mazizi, na wakalichoma ili majivu yake yatumike katika kutengeneza sabuni na vioo. Tandiko la zizi lilipochanganyika na mavi ya mifugo likawa samadi, na samadi hiyo ikapelekwa shambani. Kwa mtu maskini mwenye kishamba cha mchanga, kangaga la nyikani lilikuwa ndiyo rutuba ya mahindi yake, kama tungesema kwa mfano wa kwetu.

Basi na tuitazame Ashdown. Ni nyika iliyo katika jimbo la Sussex, kusini mwa London, ambayo zamani ilikuwa mawindo ya wafalme. Mwaka 1693 amri ilitolewa ya kuigawa: zaidi ya nusu yake ikapewa watu binafsi, na ekari 6,400 zikabaki kuwa ardhi ya shirika. Ardhi hiyo ilikuwa na mwenyewe, yaani bwana mkubwa wa mahali pale. Lakini wakulima wa kandokando walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao humo. Tena kila mwaka, majani yalipokwisha kugeuka rangi, walikwenda na miundu mirefu wakakata kangaga, wakalipakia katika magari ya farasi na kulipeleka nyumbani. Babu zao walifanya hivyo, nao hawakufikiri kwamba jambo hilo lilihitaji ruhusa ya mtu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1877, mtumishi wa Earl De La Warr, aliyekuwa bwana wa ardhi ile, alimkuta mtu aitwaye John Miles akikata majani ya nyikani. Miles alikuwa akifanya kazi ya Bernard Hale, mwenye shamba jirani na mtu aliyejua sheria. Earl alidai kwamba haki ya wakulima ilikuwa ya malisho tu: mdomo wa ng'ombe una ruhusa, mundu wa mtu hauna. Shauri likaenda mahakamani. Neno dogo kama tandiko la zizi likawa neno la kufikiriwa na mahakimu wa London, kwa maana nyuma yake lilisimama swali kubwa: je, mazoea ya watu wanyonge ni haki, au ni hisani ambayo mkubwa aweza kuiondoa apendapo?

Upande wa wakulima alikuwako wakili aitwaye William Augustus Raper. Katika miaka ya 1878 na 1879 alizunguka katika vijiji akiwauliza wazee wa nyika ile walikata nini, wapi, wakati gani, na nani aliwahi kuwazuia. Maneno yao aliyaandika. Kwa sababu hiyo tunazo leo habari za wavuna kangaga kutoka vinywani mwao wenyewe. Na pasipo kesi ile zisingaliandikwa kamwe. Mahakama ya kwanza iliwashinda wakulima. Mwaka 1881 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikakubali kwamba matumizi yaliyoendelea kwa miaka zaidi ya 60 yamekuwa haki. Mwaka 1885 sheria ilitungwa ya kuiweka nyika chini ya baraza la uangalizi. Wakulima walikuwa wamelishinda shauri la kangaga.

Hapa pana jambo moja dogo linalotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka ule ule wa 1879, wazee wa Sussex walipokuwa wakitoa ushahidi wao, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Max Kuhn, alilipa kangaga jina la kitaalamu ambalo linatumika hata leo, Pteridium aquilinum. Mswidi Linnaeus alikuwa ameliorodhesha tangu mwaka 1753 kwa jina lingine, akilifananisha na tai. Lakini jina la Kuhn lilichapishwa wapi? Lilichapishwa katika kitabu cha mimea ya Afrika ya Mashariki, sehemu ya maandiko ya safari za Karl Klaus von der Decken, yule msafiri aliyejaribu kuupanda mlima Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Kwa hiyo kangaga la Sussex, katika vitabu vya dunia nzima, linaitwa kwa jina lililozaliwa katika habari za nchi zetu.

Turudi Ashdown. Haki iliyopatikana kwa gharama kubwa ilibaki katika maandishi, lakini mikono ya kuitumia ilipungua. Kazi za mijini ziliwavuta vijana. Majani makavu ya ngano yakapatikana kwa urahisi kwa kutandikia mazizi. Mbolea ya kiwandani ikaingia mahali pa samadi. Na baada ya Vita Kuu ya Pili wafugaji walioachia ng'ombe wao nyikani wakawa wachache. Nyika wazi, iliyokuwa kama tisa ya kumi ya eneo lote mwaka 1947, ilikuwa imeshuka hata kuwa kama sita ya kumi mwaka 2007. Miti iliingia, na kangaga likaenea. Kilichokatwa zamani kwa furaha sasa hukatwa kwa gharama.

Hapa pana fundisho la elimu ya mimea ambalo halina budi kufahamika. Kangaga likikatwa katikati ya kiangazi, majani yakiwa yamekwisha kukunjuka na ghala la ardhini limepungua, hudhoofika. Na anayetaka kulishinda hulikata mara mbili kwa mwaka, miaka kadhaa mfululizo. Likikatwa mwezi wa Oktoba, chakula kimekwisha kurudi chini, na mmea haudhuriki sana. Wavunaji wa kale walikata wakati huo wa pili, na mahali pengi desturi ilikataza mtu kutia mundu kabla ya siku iliyowekwa. Basi hawakuwa wakipigana nalo. Walikuwa wakilivuna, na walitaka mwakani liwepo tena. Hata hivyo, kwa kuondoa majani makavu walilivua blanketi lake: baridi kali ikayafikia machipukizi, na kwato za ng'ombe zikayaponda. Lilibaki hai, lakini halikupata nafasi ya kutamalaki.

Mambo kama hayo yalitokea Scotland kwa ukali zaidi. Tangu mwisho wa karne ya 18 hata katikati ya karne ya 19, wenye ardhi katika milima ya kaskazini waliwahamisha watu wengi ili wafuge kondoo. Watu wale walikuwa na ng'ombe waliokanyaga kangaga, na walilihitaji kwa paa na kwa zizi. Kondoo hula nyasi zilizo jirani na kuliacha lenyewe. Wazee wa Visiwa vile wana msemo kwamba chini ya kangaga mna dhahabu, kwa maana hulipenda shamba zuri. Na leo katika mabonde mengi kangaga huota juu ya matuta ya mashamba na misingi ya nyumba zilizoachwa, na mashina yake huvuruga mabaki ya kale yaliyomo ardhini.

Katika karne ya 20 wataalamu walianza kuuliza: kangaga limechukua ardhi kiasi gani? Mwaka 1985 walikutana Leeds katika mkutano wa kimataifa juu ya mmea huu mmoja. Makisio yao yalipishana sana, hata moja likawa mara mbili ya jingine, wala si kwa uzembe. Apimaye kwa miguu huweka mambo katika ukingo na kurudi mwaka wa pili kutazama limesogea wapi. Lakini hawezi kuizunguka milima yote. Apimaye kwa picha za ndegeni au za setilaiti huona mbali. Lakini wakati wa kiangazi kijani cha kangaga huchanganyika na kijani kingine, na lililo chini ya miti halionekani. Hivyo picha nzuri hupigwa wakati wa baridi, rangi ya kutu inapojitenga na rangi ya nyasi. Tena hubaki swali: kangaga moja moja kati ya nyasi lihesabiwe au lisihesabiwe?

Ramani ikapatikana, ikafuatwa na silaha. Kulikuwa na magogo ya chuma ya kuliponda, na dawa iitwayo asulamu iliyonyunyizwa hata kwa helikopta. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha dawa hiyo, na kwa miaka kadhaa Uingereza iliendelea kuitumia kwa vibali vya dharura. Sababu za kulipinga kangaga ni za kweli: lina sumu ya kuua ng'ombe na ya kuleta saratani, nalo huficha kupe. Lakini pia chini ya kivuli chake wako vipepeo na ndege ambao wangepoteza makao kama lingefutwa lote.

Silaumu ramani. Nasema tu kwamba ramani ya kangaga huonyesha mahali lilipo, wala haionyeshi kwa nini lipo hapo. Iwekwe juu ya ramani ya zamani ya mazizi, njia na nyumba, ndipo itakapoanza kusema. Mara nyingi ukingo wa kangaga ni ukingo wa mahali ambapo watu walikoma kwenda.

Na sisi tusidhani kwamba jambo hili ni la mbali. Katika milima ya Usambara na Kilimanjaro, msitu ukikatwa na kuchomwa, kangaga la ukoo huu ni miongoni mwa mimea itanguliayo kushika mahali. Atakayetumwa kulipima huko achukue vyombo vyake, na daftari kama la Raper pia, akawaulize wazee nani alilima hapo, nani alichoma, nani aliondoka, na kwa nini. Pasipo majibu hayo atajua hekta ngapi zimepotea, lakini hatajua zirudishwe kwa mikono ya nani.