Mchakato, na Nenosiri Lililo Hadharani

Kwa msomaji wa magazeti, mchakato ni jambo refu: mchakato wa katiba, mchakato wa uchaguzi, vikao juu ya vikao. Kwenye kompyuta maana yake ni finyu zaidi. Programu ni maagizo yaliyolala kwenye diski. Ikiamshwa hupewa namba, mmiliki na sehemu yake ya kumbukumbu, na huo ndio mchakato. Huenda ukaishi chini ya sekunde moja. Watu watano wakiifungua programu moja, ni michakato mitano. Wapo wanaosema prosesi. Mimi nabaki na mchakato, kwani kitenzi chake, chakata, wanakijua hata wachakataji wa mkonge.

Tofauti hiyo ina uzito pale kompyuta inapotumiwa na wengi, mathalani seva ya Linux ya chuo kikuu. Kiini cha mfumo hulinda kumbukumbu za kila mchakato, wangu usisome za mtumiaji mwingine. Maneno uliyoyaandika kuuamsha, hata hivyo, hayamo katika ulinzi huo. Amri ya ps, iliyokuwepo tangu Unix ya miaka ya 1970, huweza kuorodhesha michakato ya watu wote pamoja na maneno hayo. Ukitia nenosiri la hifadhidata kwenye mstari wa amri, umewaonyesha wote walioingia. Programu ya mysql hulifuta mara inapoanza, lakini kabla halijafutwa huonekana kwa muda mfupi, na kiprogramu cha kuchungulia mfululizo kinaweza kulidaka.

Afadhali programu idai nenosiri ikishaanza, au ilisome kutoka faili lenye ruhusa 600, yaani la mmiliki peke yake. Faili nalo lina mitego yake. Miaka ya 1960, kwenye mfumo wa CTSS pale MIT, wasimamizi wawili walihariri mafaili kwa wakati mmoja, huyu la maneno ya siri, yule la salamu za kuingilia. Kihariri kiliyapa mafaili yao ya muda jina moja, yakabadilishana, na kila aliyeingia akasalimiwa kwa orodha ya maneno ya siri ya watumiaji wote!

Na kuhusu kuchunguliwa kwa ps, tangu Linux 3.3 ya mwaka 2012 kuna chaguo la hidepid. Kwa kawaida huwa limezimwa. Likiwekwa 2, mtumiaji haioni michakato ya wenzake ndani ya /proc, saraka ambamo ps husoma habari zake, wala ps haiitaji. Msimamizi mkuu huendelea kuiona yote.