Mawimbi ya Marcel

Mawimbi ya Marcel (kwa Kifaransa: ondulation Marcel) ni mtindo wa kutengeneza nywele kwa koleo la chuma lililopashwa moto. Nywele hulala karibu na kichwa zikiwa na mikunjo mipana inayofuatana, mmoja ukielekea mbele na wa pili nyuma. Mtindo huu umepewa jina la mtengeneza nywele Mfaransa François Marcel Grateau (1852–1936). Ulianza kwenye nywele ndefu, lakini unakumbukwa zaidi kwa nywele fupi za wanawake wa miaka ya 1920.

Mara nyingi huchanganywa na mawimbi ya vidole. Hayo hufanywa kwenye nywele mbichi kwa kitana na vidole tu, pasipo moto, kisha huachwa zikauke. Zikionekana pichani ni vigumu kuyatofautisha. Kazi yenyewe ni tofauti kabisa.

Historia

Kupinda nywele kwa chuma cha moto ni kazi ya kale. Warumi walikuwa na kifaa kilichoitwa calamistrum, ufito wa chuma uliopashwa ndani ya majivu ya moto. Cicero alilitumia jina la kifaa hicho kusema juu ya lugha iliyorembwa kupita kiasi.

Grateau alizaliwa Chauvigny, magharibi mwa Ufaransa, akafanya kazi Paris. Makoleo ya wakati wake yaliviringa nywele kama uzi kwenye kijiti, na matokeo yake yalikuwa misokoto iliyoning'inia. Mwaka 1872 alianza kulishika koleo kwa namna nyingine: badala ya kuviringa shungi lote kutoka nchani, alilibana kipande kwa kipande kuanzia karibu na ngozi, akiligeuza koleo upande huu halafu upande ule. Hivyo nywele hazikusokotwa bali zilipindwa, na mpindo ulionekana kama wa asili. Mwanzoni alikuwa na wateja wachache, lakini kabla ya karne kwisha mtindo wake ulikuwa umempa utajiri na jina lililovuka mipaka ya Ufaransa.

Kilichoupa mtindo huu maisha ya pili ni mkasi. Kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanawake wa Ulaya na Marekani walianza kukata nywele hadi usawa wa masikio. Mcheza dansi Mmarekani Irene Castle ni mmoja wa waliovutia wengi kumwiga. Nywele zilizokatwa hivyo na kuachwa zimenyooka huonekana kavu usoni. Mawimbi yalizilainisha bila kuzirefusha, na katika miaka ya 1920 hayakukosekana katika saluni za mijini. Ubaya wake ni kwamba hayakudumu. Maji au unyevu ukiingia, nywele zilirudi zilivyokuwa, na mteja akarudi saluni na pesa yake. Wenye saluni hawakulalamika.

Mashine za kutia mawimbi ya kudumu zilikuja kuchukua nafasi hiyo. Mjerumani Karl Nessler alionyesha yake London mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Marekani, Marjorie Joyner, mwanamke mweusi aliyefanya kazi katika kampuni ya Madam C. J. Walker, alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1928. Joyner alikuwa amehitimu chuo cha urembo mjini Chicago mwaka 1916, lakini alichofundishwa kilihusu nywele za wazungu. Alipojaribu ujuzi wake kwa mama mkwe wake, nywele ziliharibika. Ni mama mkwe huyohuyo aliyemlipia masomo kwa Walker. Haki za hataza zilibaki mikononi mwa kampuni, na mvumbuzi mwenyewe hakufaidika nayo kwa fedha.

Koleo na moto wake

Koleo la Marcel lina mikono miwili iliyounganishwa kwa msumari, kama mkasi. Upande mmoja unaishia kwa ufito wa mviringo, na wa pili una mfereji unaopokea ufito huo. Halina springi: mtengeneza nywele hulifungua na kulifunga kwa vidole vyake, huku akilizungusha kwa kifundo cha mkono. Wanafunzi wa kazi hii walifanya mazoezi na koleo baridi kabla ya kuruhusiwa kugusa kichwa cha mtu.

Koleo la zamani lilipashwa juu ya moto wa gesi au spiriti, na halikuwa na kipimo cha joto. Kipimo kilikuwa karatasi nyeupe: lilibanwa kwenye karatasi, na karatasi ikigeuka kahawia, koleo lilizungushwa hewani hadi lipoe. Kipimo hiki bado kinafaa kwa koleo lolote lisiloonyesha nyuzi.

Nywele hukubali kupindwa kwa sababu ya keratini, protini inayozijenga. Nyuzinyuzi za keratini hushikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vifungo vya hidrojeni ni dhaifu: joto au maji huviachanisha, navyo hujifunga upya nywele zinapopoa au kukauka, katika umbo ziliomo wakati huo. Kwa hiyo wimbi lisichanuliwe likiwa bado moto, halijashika. Vifungo vya salfa ni imara zaidi, na ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya kulainisha nywele.

Kwenye nywele fupi

Ukubwa wa ufito ndio huamua kama nywele fupi zitapindika, na hesabu yake ni ya darasa la saba. Ufito wenye kipenyo cha milimita 25 una mzingo wa karibu milimita 79. Nywele za sentimita 6 haziwezi kuuzunguka hata mara moja. Zitainama tu mwishoni. Ufito wa milimita 13 una mzingo wa karibu milimita 41, na nywele hizohizo zitauzunguka mara moja na nusu. Wengi wanaosema nywele zao "hazishiki" wamenunua koleo nene mno.

Nywele ziwe safi na kavu kabisa. Hugawanywa kwa kitana mafungu membamba, yasiyozidi upana wa koleo. Kwa wimbi la Marcel, kitana hushika shina la fungu na kukaa kati ya chuma na ngozi muda wote. Koleo hubana nywele karibu na shina bila kugusa ngozi, huzungushwa kidogo kuelekea mbele kwa sekunde chache, hufunguliwa, hushuka upana wa kidole kimoja au viwili, kisha hubana tena likielekea nyuma. Fungu la jirani hufuata mkunjo wa lile la kwanza, la sivyo mawimbi hukatika na kichwa huonekana kimechanwachanwa. Nywele za kisogoni zikiwa fupi kuliko sentimita 4 hivi, afadhali ziachwe.

Hatari

Kwenye nywele ndefu chuma hukaa mbali na ngozi. Kwenye nywele fupi hakina pa kukimbilia. Sehemu zinazoungua mara kwa mara ni ncha za masikio, paji la uso na shingo. Aliyeungua aweke mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na mafuta ya kupikia havitibu kitu, na hufanya jeraha kuwa gumu kusafishwa.

Nywele zenyewe huharibika zaidi zikiwa na maji. Chuma cha moto hugeuza maji yaliyo ndani ya unywele kuwa mvuke, nao huacha mapovu yanayoukata. Sauti ya kuchachatika wakati wa kubana ni onyo la kusimama. Nywele nyembamba au zilizotiwa dawa au rangi zisipite nyuzi 150 hivi za sentigredi. Nyingine hazihitaji zaidi ya 180. Kupitisha koleo mara tano palepale kwa joto dogo nako si usalama.

Nywele za kipilipili na Afrika ya Mashariki

Nywele za kipilipili hupinda zenyewe, kwa hiyo kuzitia mawimbi haya kulihitaji kwanza kuzinyoosha. Katika saluni za Wamarekani weusi zilinyooshwa kwa kitana cha chuma cha moto, kisha zikapindwa kwa koleo. Wengi humtaja Madam C. J. Walker (1867–1919) kuwa mvumbuzi wa kitana hicho, lakini kilikuwepo kabla yake. Yeye na mawakala wake walikieneza.

Huku kwetu kitana cha chuma ndicho kilichozoeleka kuliko koleo. Kilipashwa juu ya jiko la makaa, na kazi hiyo huitwa kuchoma nywele. Baadaye zilikuja dawa za kulainisha, na kisha pasi za umeme. Koleo huweza kutafutwa na msichana aliyemaliza kidato cha nne, maana shule nyingi hutaka nywele zikatwe fupi, naye hana subira ya kungoja zikue. Akitiwa dawa na kupindwa kwa koleo siku hiyohiyo, nywele zake zinavunjwa vifungo vyote kwa mpigo mmoja, na nyingi hukatikia shinani. Wasusi waangalifu huacha wiki mbili au zaidi zipite.

Jina leo

Mtindo wenyewe hufanywa sasa na wachache, hasa kwa filamu na maigizo yanayohusu miaka ya 1920. Jina limebaki kwenye kifaa: katika biashara ya vifaa vya saluni, koleo lolote lisilo na springi, hata la umeme, huitwa koleo la Marcel, liwe linatumika kutengeneza mawimbi au misokoto ileile ambayo Grateau aliiacha.