Laini ya biti 32,000 iliyobaki na biti 40
Oktoba 1986, kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, data iliyokuwa ikipita biti 32,000 kwa sekunde ilishuka hadi 40. Ndiyo, arobaini tu! Na umbali wenyewe haufiki mita 400.

Laini haikukatika. Ilijaa, ila ilijaa marudio: kompyuta ikiona pakiti imechelewa inaituma tena, foleni inazidi, nyingine zinatupwa, nazo zinatumwa upya. Sasa hebu pima hapo. Ukihesabu biti zote zinazopita kwenye waya, utasema laini inachapa kazi kwelikweli. Ukihesabu zile mpya tu zinazomfikia mpokeaji, hamna kitu.

Van Jacobson na Mike Karels wakaanza kuchimba. Dawa yao, iliyochapishwa 1988, ni rahisi mpaka inaudhi: anza na pakiti moja, ongeza kadiri majibu ya kupokelewa yanavyorudi, pakiti ikipotea punguza. Yaani kila kompyuta inajipimia yenyewe nafasi iliyopo. Waya mpya? Hata mmoja. Walibadilisha programu ya TCP ndani ya Unix ya Berkeley, basi.