Huruma kwa Wahamiaji na Utii kwa Sheria: Kanisa Linafundisha Nini?

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu katika parokia iliyo kando ya barabara kuu iendayo mpaka wa kusini, mzee mmoja wa kigango alinijia na swali ambalo sijalisahau. Alfajiri moja aliwakuta vijana wanne wamelala nyuma ya kanisa la kigango. Hawakujua Kiswahili. Miguu yao ilikuwa imevimba, na wawili kati yao walivaa misalaba ya mbao shingoni, kama wavaavyo Wakristo wengi wa Ethiopia. Mzee aliwapa maji na uji, akawaacha wapumzike kivulini. Alasiri alikwenda kumweleza mwenyekiti wa kijiji. Polisi wakaja, vijana wakachukuliwa. Kijiji kikagawanyika. Wengine walimwita Yuda. Wengine walisema ana bahati kwamba hakushtakiwa kwa kuwalisha. Akaniuliza, "Padre, kosa langu ni lipi: kuwapa uji au kuwataja?"

Swali hilo hakuliuliza katika kitubio, na mwenyewe aliniruhusu kulitumia katika mafundisho. Waamini wengi wanalo moyoni, hasa wale wanaoishi karibu na mipaka na njia kuu. Makala haya yanaeleza kwa ufupi mafundisho ya Kanisa kuhusu jambo hili, ili kila mmoja aweze kuiunda dhamiri yake vema.

Maandiko Matakatifu

Taifa la Israeli liliamriwa kumpenda mgeni akaaye kati yao kama mzalendo, na sababu iliyotolewa ni kumbukumbu: wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri (Walawi 19:33-34, Kumbukumbu la Torati 10:18-19). Amri hiyo ilikuwa na utekelezaji wake shambani. Mwenye shamba alikatazwa kurudi kuokota mganda aliousahau wakati wa mavuno. Ulikuwa wa mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 24:19). Ruthu, mwanamke Mmoabu, aliishi kwa sheria hiyo alipookota masazo katika shamba la Boazi, na akawa mama wa babu yake mfalme Daudi. Tunaona hapa kwamba katika Agano la Kale huruma kwa mgeni iliandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Katika Agano Jipya, Bwana wetu alikuwa mkimbizi tangu utoto wake, Yosefu alipomchukua yeye na Mama yake usiku kwenda Misri kumkwepa Herode (Mathayo 2:13-15). Naye alipoeleza hukumu ya mwisho, alijitambulisha na mwenye njaa, mgeni na mfungwa (Mathayo 25:31-46). Hakuweka sharti kwamba mgeni awe na hati au kwamba mfungwa awe amefungwa kwa kuonewa.

Hata hivyo, Maandiko hayohayo yanatufundisha kuitii mamlaka halali kwa ajili ya dhamiri, wala si kwa kuogopa adhabu tu (Warumi 13:1-7). Na mahali ambapo mamlaka ilidai kilicho kinyume cha Mungu, Mitume walijibu kwamba Mungu ndiye apasaye kutiiwa kwanza (Matendo 5:29). Mkristo hana ruhusa ya kuchagua moja kati ya mafundisho hayo na kuyaacha mengine.

Mafundisho ya Kanisa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Papa Pio XII alitoa mwaka 1952 hati iitwayo Exsul Familia, akiiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha kila familia iliyo uhamishoni. Mwaka 1963 Mtakatifu Yohane XXIII, katika Pacem in Terris, alihesabu miongoni mwa haki za binadamu ile ya kuhamia nchi nyingine na kuishi humo panapokuwa na sababu za haki.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2241) inaweka pande zote mbili katika aya moja. Kwanza, mataifa yenye neema zaidi yanao wajibu, kadiri ya uwezo wao, wa kumpokea mgeni anayetafuta usalama na riziki asiyoweza kuipata kwao. Pili, serikali inaweza, kwa ajili ya manufaa ya wote iliyokabidhiwa kuyalinda, kuiwekea haki hiyo masharti ya kisheria. Tatu, mhamiaji naye anawajibika kuheshimu kwa shukrani urithi wa nchi inayompokea, kutii sheria zake na kushiriki kubeba mizigo ya raia. Wahenga wetu walilifupisha hilo waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Namba inayofuata, 2242, inaongeza kwamba raia anawajibika katika dhamiri kutofuata maagizo ya serikali yanayopingana na maadili, haki za msingi za watu au Injili.

Mwaka 2003 maaskofu wa Marekani na wa Mexico, ambao wana mpaka mmoja wenye mateso mengi, walitoa kwa pamoja barua ya kichungaji. Ndani yake walitaja kanuni tano zinazofaa pia kwetu:

1. Kila mtu ana haki ya kupata katika nchi yake mwenyewe mahitaji ya maisha yenye heshima.
2. Asipoyapata, ana haki ya kuhama ili ajikimu yeye na familia yake.
3. Mataifa huru yana haki ya kudhibiti mipaka yao.
4. Wakimbizi na waomba hifadhi wapewe ulinzi.
5. Utu na haki za msingi za mhamiaji asiye na hati lazima viheshimiwe.

Kanuni ya tatu haifuti ya pili, wala ya tano haifuti ya tatu. Tunapaswa kuzishika zote pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kuhusu ile ya tano, Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake kwa Siku ya Wahamiaji ya mwaka 1996, alisisitiza kwamba hali ya kukosa hati halali haimwondolei mtu utu wake. Ndiyo maana ni vema tuwe waangalifu na msemo tuliouzoea wa "mhamiaji haramu". Tendo la kuvuka mpaka laweza kuwa kinyume cha sheria. Mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu hawezi kuwa haramu.

Sheria si adui wa huruma

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria ya kweli hulenga manufaa ya wote, hutungwa na mwenye mamlaka, na hugawa mizigo kwa haki. Sheria ya uhamiaji inaweza kutimiza hayo yote. Mpaka usiolindwa hauwaumizi matajiri kwanza. Huwaumiza wanavijiji wanaovamiwa na majambazi, na mabinti wanaouzwa mbali na kwao. Afisa wa uhamiaji anayefanya kazi yake bila rushwa na bila ukatili anatumikia jirani zake, na hapaswi kuona aibu anapokuja kukomunika.

Nchi yetu yenyewe ni shahidi kwamba sheria inaweza kubeba huruma. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka na kuingia wilaya ya Ngara katika muda wa takriban siku moja, na wakapokelewa. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania iliamua kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wenye asili ya Burundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Hayo yalifanyika kwa njia ya sheria. Aidha, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, ikiwa ametoka moja kwa moja mahali pa hatari na amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa. Nao Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini.

Tofauti ambazo dhamiri lazima izione

*Kulisha na kuficha kwa malipo.* Kumpa mtu maji, chakula, dawa na mahali pa kupumzika ni matendo ya huruma, na hakuna sheria ya binadamu inayoweza kuyageuza kuwa dhambi. Kumsafirisha kwa siri ili kujipatia fedha ni jambo jingine kabisa. Mwezi Juni 2012, wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Mwezi Machi 2020, wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Dereva, wakala au mwenye nyumba anayepokea fedha katika biashara hiyo asijifariji kwamba anawasaidia maskini. Anashiriki dhambi nzito.

*Mkimbizi na mtafuta riziki.* Anayekimbia kuuawa ana dai lisiloweza kukataliwa. Wajibu wetu ni kumwelekeza kwa mamlaka inayoshughulikia wakimbizi, na kumsindikiza ikiwezekana. Anayetafuta kazi naye anastahili heshima, lakini serikali ina haki ya kumrudisha kwao kwa njia ya kiutu ikiwa hakutimiza masharti.

*Kosa la kisheria na hatia ya kimaadili.* Kuvunja sheria ya haki bila sababu ni kosa pia mbele ya Mungu. Lakini mtu aliyesukumwa na njaa kali au hofu ya kifo hana hatia sawa na yule anayepuuza sheria kwa tamaa, na mara nyingine hana hatia kabisa.

*Kutoa taarifa na kusaliti.* Raia anayemweleza kiongozi halali kuhusu wageni waliopotea, kwa nia ya kuwaokoa na kulinda amani, hasaliti. Anayewataja kwa chuki, kwa kutaka zawadi, au akijua kwa hakika kwamba watapelekwa kuuawa, anatenda dhambi, hata kama ana haki machoni pa kijiji.

Jibu kwa mzee

Nilimjibu kwamba hakukosa katika uji wala katika taarifa. Aliwalisha kwanza, kisha akawakabidhi kwa mamlaka bila chuki. Vijana wale wangeendelea na safari ile, huenda ndiyo ingekuwa ya mwisho. Jibu hilo lilikuwa sahihi, naye akaenda zake ametulia. Lakini mimi niliona nimemaliza kazi, na hapo ndipo nilipokosea.

Wiki tatu zilipita kabla sijakwenda gerezani kuwaona. Niliwakuta wote wanne. Mmoja alijua Kiingereza kidogo. Hakuniomba niwatoe, wala hakulalamika juu ya mzee. Alimkumbuka kwa uji. Aliomba jambo moja tu: mama zao wajulishwe kwamba wako hai. Kwa wiki tatu akina mama wanne walikuwa hawajui kama watoto wao wamekufa, na hakuna sheria yoyote iliyonizuia mimi, wala parokia nzima, kupeleka ujumbe huo. Tulikuwa tumebishana kijiji kizima juu ya uji na taarifa, huku tendo la huruma lililokuwa wazi na halali likitungoja bila mtu wa kulitenda.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba mara nyingi mgongano wa sheria na huruma ni mdogo kuliko tunavyoudhani. Upo, na siku utakapotukabili tunajua ni nani wa kutiiwa kwanza. Lakini kabla ya kufika huko, sheria yenyewe inatuachia nafasi pana ya kutenda mema, na wengi wetu hatujaingia hata mlangoni.

Parokia ifanye nini?

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijue mapema ni kiongozi gani wa kumwendea wageni wanapopatikana, na zihakikishe wanapata maji, chakula na matibabu kabla ya jambo lingine lolote. Watoto na wanawake walio peke yao watolewe taarifa kwa afisa ustawi wa jamii. Kamati ya Caritas ya parokia iwatembelee wahamiaji waliofungwa, kwa kufuata utaratibu wa magereza. Chama cha Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta na kuunganisha ndugu waliopotezana, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limewasaidia Waethiopia wengi kurudi kwao kwa hiari. Pale sheria inapoonekana kuwa ngumu kupita kiasi, waamini wana haki ya kuwaeleza wabunge wao, nasi wachungaji tuna wajibu wa kusema.

Tukumbuke pia kwamba nasi tuna watoto wetu Afrika Kusini, Uarabuni na Ulaya, na si wote wenye hati zilizotimia. Kipimo tunachotamani watu wa huko wawapimie watoto wetu ndicho tukitumie kwa mtoto wa mama mwingine anayelala leo nyuma ya kanisa letu. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Familia Takatifu ya Nazareti, iliyopata hifadhi katika nchi ya ugeni, ituombee.