Je, Msumeno wa Meza Wahitaji Meza ya Kuteleza?

Leo hatuzungumzi habari za wafalme wala vita. Tutazungumza habari za msumeno.

Labda wewe ni seremala wa Kibaha au Kisarawe, nawe pamoja na wenzako mmechanga fedha ili mnunue mashine ya kupasulia mbao. Muuzaji anawaonyesha mashine mbili. Moja ni ya kawaida. Ya pili ina meza ya kuteleza, na bei yake ni kubwa zaidi. Mtachukua ipi? Mkikosea, akiba ya miaka mingi itapotea. Basi na tuiulize historia.

Zamani mbao zilipasuliwa kwa mikono. Gogo liliwekwa juu ya shimo au juu ya jukwaa la miti. Mtu mmoja alisimama juu, mwenziwe chini, wakavuta msumeno mrefu kwa zamu. Wa juu aliufuata mstari. Wa chini aliangukiwa na vumbi machoni. Mvule na mkongo, miti ya misitu yetu ya pwani, ilipasuliwa hivyo. Angalieni jambo moja: gogo lilitulia, msumeno ndio uliokwenda.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1777, huko Uingereza, Samuel Miller alipewa hati ya uvumbuzi iliyotaja msumeno wa duara. Msumeno wa namna hii hukaa mahali pamoja ukizunguka, na mbao ndiyo inayosukumwa. Kazi ikawa ya haraka, lakini likazuka swali jipya: ni nani atakayeinyoosha mbao isiende upande?

Kwa mbao ndefu, jibu ni rahisi. Juu ya meza hufungwa ubao wa kuongozea. Mbao huegemezwa hapo, ikasukumwa, ikapasuka kwa urefu wake. Lakini ukitaka kukata kipande kipana kwa kukingama, ubavu unaoegemea ni mfupi. Kipande huweza kupinda kidogo, kikakamatwa na meno ya nyuma, kikarushwa kwa nguvu kumwelekea fundi. Fanyeni hesabu: msumeno wenye upana wa sentimita 30, ukizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake hupita zaidi ya mita 60 kwa kila sekunde. Hakuna mkono uwezao kushindana na mwendo huo.

Mwaka 1906, wakati nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani na Vita vya Majimaji havijaisha, fundi mmoja wa Kijerumani, Wilhelm Altendorf, alitengeneza mjini Berlin msumeno wenye meza ya kuteleza. Sehemu ya meza huibeba mbao na kuipitisha penye meno, kama gari lipitavyo juu ya reli. Mbao hailazimiki kusuguana na ubao wa kuongozea, na mikono ya fundi hukaa mbali.

Basi mwaona kwamba meza hii haikuletwa kwa ajili ya pambo. Ililetwa kwa ajili ya vipande vipana. Siku hizi kipande kipana tunachokijua zaidi ni plaiwudi, yenye sentimita 122 kwa 244. Anayetengeneza makabati ya plaiwudi kila siku ana sababu nzuri ya kuinunua.

Lakini anayetengeneza milango na vitanda kwa mbao za mninga, au za paini kutoka Sao Hill huko Mufindi, kazi yake kubwa ya mashine ni kupasua kwa urefu. Huyo ubao wa kuongozea wamtosha. Kwa kukata vipande vidogo kwa kukingama, aweza kujitengenezea kigari: ubao bapa wenye vijiti viwili chini, vinavyoteleza ndani ya mifereji ya meza, na ubao mwingine uliosimamishwa juu yake kwa kipimo cha skwea. Tena akumbuke nafasi. Kupitisha plaiwudi nzima kwa urefu kwahitaji karibu mita 5, mbele na nyuma ya msumeno. Banda dogo halitoshi.

Na mashine yoyote mtakayonunua, msiondoe kinga yake. Meza ya kuteleza haiwi badala ya kinga.

Kibaha ni mahali pa elimu tangu zamani. Mwaka 1963 Tanganyika ilianzisha huko mradi wa elimu, afya na kilimo pamoja na Denmark, Finland, Norway na Sweden. Tangu mwaka 1975 vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa nchini, na Kibaha na Kisarawe kila moja ina chuo chake. Kabla ya kutoa fedha, nendeni mkaulize walimu wa ufundi.

Hata kabla ya hapo, kalamu na daftari zaweza kuwasaidia. Kwa mwezi mmoja andikeni kila kazi: ni mbao au plaiwudi? Imekatwa kwa urefu au kwa kukingama? Mwisho wa mwezi hesabuni. Muuzaji aisifu mashine yake apendavyo. Daftari lenu litasema kweli.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Katika upasuaji wa zamani, ni kitu gani kilichotulia? Katika msumeno wa duara je?
2. Kwa nini kipande kipana ni cha hatari kikikatwa kwa kukingama?
3. Katika kazi ya kijiji chenu, ni mashine ipi ifaayo? Toeni sababu mbili.