Namna ya kupata picha safi ya mwezi ukiwa Manyatta

MWEZI mpevu unapochomoza upande wa miinuko ya Nandi na kuyamulika mapaa ya mabati ya Manyatta, mjini Kisumu, huonekana mkubwa kiasi cha kumfanya mtu atoe simu mfukoni papo hapo. Picha inayopatikana aghalabu huwa doa jeupe lisilo na alama yoyote, dogo kama punje ya mchele, ambalo mgeni angelidhania kuwa taa ya barabarani.

Kosa si la mwezi, na mara nyingi si la simu. Wengi huuchukulia mwezi kuwa kitu cha usiku, ilhali ni jiwe linaloangazwa na jua kali. Uso wake hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupiga, yaani una weusi unaokaribia ule wa lami kuukuu. Kuupiga picha, kwa hiyo, ni sawa na kupiga picha barabara ya lami saa sita mchana, ila barabara yenyewe iko umbali wa wastani wa kilomita 384,400.

Kamera iliyoachiwa ijipangie mambo yenyewe haijui hilo. Huona giza limetanda karibu picha nzima, ikaamua kukusanya mwanga kwa muda mrefu, na mwezi ukaungua ukawa mweupe tupu. Dawa ni kuinyang'anya kamera uamuzi huo.

Kwenye simu, mtu hugusa mwezi pale unapoonekana katika kioo, kisha huteremsha alama ya mwangaza hadi madoa ya kijivu yajitokeze. Taa ya simu haina kazi yoyote hapa, izimwe.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi ana nafasi kubwa zaidi. Wapigapicha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni moja nyepesi ambayo haijachakaa: tundu la lenzi likiwekwa f/11, muda wa picha uwe sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya ISO. Kwa ISO 100, mwezi mpevu huhitaji sehemu moja ya mia ya sekunde. Tundu likipanuliwa hadi f/8, muda hupunguzwa nusu, yaani 1/200. Mwezi nusu hutoa mwanga hafifu zaidi kwa kuwa jua huupiga kwa upande, na hapo ISO yaweza kupandishwa hadi 400 bila madhara makubwa.

Jambo la pili ni ukubwa. Licha ya jinsi unavyoonekana ukichomoza, mwezi ni mdogo sana angani. Kidole cha mwisho cha mkono ulionyooshwa huufunika wote. Lenzi ya milimita 50 huuchora kwa upana wa nusu milimita hivi ndani ya kamera. Lenzi ya milimita 300 huufikisha karibu milimita 3, na hapo mabonde yaliyochimbwa na vimondo huanza kuonekana. Kukuza picha kwa vidole kwenye kioo cha simu hakuongezi chochote. Hukuza ukungu uleule.

Asiye na lenzi ndefu anaweza kuazima darubini ya macho mawili, akaifunga imara, kisha akaweka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini hiyo. Kazi hii hutaka subira, kwani simu ikisogea kidogo tu mwezi hupotea. Vivyo hivyo hufanyika kwa darubini kubwa, na wanafunzi wengi wa Kenya wameonja raha hiyo kupitia Travelling Telescope, mradi ulioasisiwa na Susan Murabana na mumewe Chu Owen, ambao huzungusha darubini mashuleni.

Kila kinachokuza mwezi hukuza pia mtikiso wa mkono. Kamera haina budi kutulia. Tripodi ndicho kifaa chake, lakini mfuko wa kilo mbili wa maharage au mchanga uliowekwa juu ya ukuta wa ua hufanya kazi nzuri ajabu, maana lenzi hujichimbia humo ikatulia. Hata kidole kinachobonyeza kitufe hutikisa, ndiyo sababu hutumiwa saa ya kamera, ile inayochelewesha picha kwa sekunde mbili au kumi. Kulenga pia kufanywe kwa mkono: picha ikuzwe kwenye kioo cha kamera, na lenzi izungushwe taratibu mpaka ukingo wa mwezi uwe mwembamba kama uliokatwa kwa wembe.

Hata hivyo, mambo yote hayo yakizingatiwa, wengi bado hukosea siku. Huchagua mwezi mpevu, ambao ndio mgumu kuliko yote. Wakati huo jua huupiga kutoka mbele, vivuli hutoweka, na milima yote huonekana bapa kama chapati. Wakati bora ni ule wa mwezi wa siku saba au nane tangu uandame, ukiwa nusu. Penye mpaka wa nuru na giza, jua la huko ndipo linapochomoza, na kila kilima hutupa kivuli kirefu. Hapo huonekana safu ya milima ya Apennine, ambayo vilele vyake virefu vina kimo kinachokaribia cha Mlima Kenya. Siku moja au mbili baadaye hujitokeza bonde la mviringo la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93 hivi, ambao umepita umbali wa safari ya barabara kutoka Kisumu hadi Kericho.

Mwezi nusu wa aina hiyo una faida nyingine kwa mkazi wa Manyatta. Jua linapotua, wenyewe huwa tayari uko juu. Picha yaweza kupigwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili usiku, watu wakiwa bado barabarani na vibanda viko wazi, badala ya mtu kutoka na kamera ya bei usiku wa manane. Hilo si jambo dogo kwa aliyejinyima miezi kadhaa ili anunue kamera ya mitumba. Taa za mulika mwizi hazifichi mwezi, lakini mwanga wake ukiingia kwenye lenzi kwa upande huipausha picha. Inatosha kusimama kwenye kivuli cha ukuta.

Kwa upande wa anga, Kisumu imebahatika. Mstari wa ikweta unapita Maseno, si mbali na mji, na kwa sababu hiyo mwezi hupita juu sana: katika kilele cha safari yake haushuki chini ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mjini London, mwezi mpevu wa majira ya joto waweza kuishia nyuzi 10 tu, ukitazamwa kupitia hewa nzito na chafu. Tatizo la Manyatta liko chini. Mabati yaliyochomwa na jua kutwa hutoa joto jioni, majiko ya makaa yanawaka, na hewa hiyo inayopanda huufanya mwezi utetemeke kama jiwe lililo chini ya maji. Afadhali kungojea uwe juu kabisa na kuepuka kuulenga juu ya paa la jirani. Hata hapo, zipigwe picha ishirini au thelathini, kwa kuwa utulivu wa hewa huja na kuondoka kwa nukta. Mwenye kompyuta anaweza kuziunganisha zilizo bora kwa AutoStakkert, programu isiyolipiwa.

Kuna suala moja linalostahili kusemwa waziwazi. Machi 2023, mtumiaji mmoja wa intaneti alipiga picha mwezi aliokuwa ameutia ukungu makusudi kwenye kioo cha kompyuta, na simu yake ya Samsung ikatoa picha yenye mabonde ambayo hayakuwapo. Kampuni hiyo ilieleza kwamba simu zake huutambua mwezi na kuuongezea maelezo kwa akili unde. Anayetaka picha yake mwenyewe aizime huduma hiyo kwenye mipangilio ya kamera, hata kama matokeo yatakuwa hafifu zaidi.

Kanuni hizi hugeuka mwezi unapopatwa. Usiku wa 7 Septemba 2025, kivuli cha dunia kiliufunika mwezi wote kwa dakika 82, kuanzia saa mbili na nusu kwa saa za Afrika Mashariki, nao ukawa mwekundu na hafifu mno. Katika hali hiyo f/11 haifai kitu. Tundu hufunguliwa lote, ISO hupandishwa hadi 1600 au zaidi, na muda hukaribia sekunde nzima. Lakini dunia haisimami, na mwezi husogea angani kwa upana wake wote kila dakika mbili. Kwa lenzi ya milimita 300, sekunde moja tayari huuvuta ukingo, hivyo ni heri kupandisha ISO kuliko kurefusha muda. Nafasi nyingine ya kupatwa kote itapatikana Kisumu mapema usiku wa 31 Desemba 2028.