Kiingereza cha mtihani wa kuongea: maneno ya kuunganisha yasiyonuka daftari

Kijana wa Kazimia anayemaliza sekondari amesoma kwa Kifaransa, anaongea Kibembe nyumbani na Kiswahili bandarini. Kiingereza kinakuja nyuma ya zote hizo, saa chache tu kwa wiki. Lakini tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wanatazama vyuo vya Uganda, Kenya na Tanzania, na huko masomo ni kwa Kiingereza. Anayeomba bursa ya mbali zaidi, Canada ao Uingereza, mara nyingi anaombwa matokeo ya IELTS ao TOEFL. Kwa TOEFL anaongea mbele ya kompyuta. Kwa IELTS anaongea na mtu, kati ya dakika 11 na 14, na hapo njo wengi wanapoteza alama bila kujua sababu.

Sababu moja ni maneno ya kuunganisha. Wanafunzi wanapewa orodha: "firstly", "moreover", "furthermore", "in conclusion". Wanaikariri vizuri. Siku ya mtihani, swali likiwa juu ya kazi ya watu wa kwao, jibu linatoka hivi:

"Firstly, fishing is important. Moreover, it gives food. Furthermore, it gives money. In conclusion, fishing is important."

Hakuna kosa la sarufi hata moja. Shida ni kwamba hayo ni maneno ya barua na ripoti, na hapa hayaunganishi kitu: ukiyaondoa, maana inabaki ileile. IELTS inapima mambo manne kwa uzito sawa: mtiririko na mpangilio wa maneno, msamiati, sarufi, na matamshi. Katika vigezo vyake vilivyo wazi kwa kila mtu, kuzidisha maneno ya kuunganisha kunatajwa kwenye daraja la 5. Daraja la 7 linataka yatumike kwa wepesi. Kwa hiyo anayeongeza "moreover" ili apande anaweza kujikuta anashuka.

Jibu hili la pili lina maneno mepesi zaidi:

"Well, most people here live off the lake, so when fish are scarce, everybody feels it. I mean, even the man who repairs nets has no work. That's why some young men leave for the gold mines in Misisi. But then their families are left with nobody to go out at night."

Hapa "so" inaonyesha matokeo, "I mean" inafafanua, "that's why" inaleta sababu ya vijana kwenda Misisi, na "but then" inageuza upande mwingine. Kila neno lina kazi.

Na kazi hizo mtu wa Fizi anazifanya kila siku kwa Kiswahili, bila mwalimu. Mvuvi akieleza habari ya usiku wake anasema sasa, halafu, yaani, kumbe, ndiyo maana, basi. Kwa Kiingereza cha mdomo, "halafu" ni "and then", "yaani" ni "I mean", "kumbe" mara nyingi ni "it turned out that". "Basi" ya kufunga habari ao kurudi kwenye jambo inaweza kuwa "so anyway". "Tena" ya kuongeza sababu ni "plus" ao "and also". Bon, si kila mara neno linaingia sawasawa, lakini mahali pa kuliweka mtu anapajua tayari.

Mitego ipo, na mingine inatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema "ingawa ni maskini, lakini ana heshima." Kiingereza hakikubali yote mawili: ni "although he is poor, he is respected" ao "he is poor, but he is respected." Ukiweka "although" na "but" pamoja, mtahini anasikia kosa mara moja.

Kifaransa nacho kinavuta. "Actually" haina maana ya "actuellement". Maana yake ni kusema kweli, ama kumbe sivyo unavyofikiri. Kwa "sasa hivi" sema "at the moment". "Eventually" ni mwishowe, wakati "éventuellement" ni labda, ikitokea. "Selon moi" inazaa "according to me", ambayo Waingereza hawasemi, maana "according to" ni kwa maneno ya mtu mwingine. "I think" inatosha kabisa, na "to be honest" inafaa mara moja moja. "On the contrary" inakanusha kilichosemwa. Kwa kupima pande mbili tumia "on the other hand".

Kuna pia maneno ya kununua muda. Badala ya "euh" ndefu ya darasani, "let me think" ao "that's a good question" inampa mtu pumzi. Isirudiwe kwa kila swali, la sivyo inakuwa wimbo.

Mazoezi yake hayahitaji intaneti. Sehemu ya pili ya IELTS inampa mtahiniwa dakika 1 ya kujiandaa, kisha aongee dakika 1 hadi 2 peke yake. Anayejiandaa ajirekodi kwenye simu akisimulia safari ya mtumbwi hadi Baraka, kwanza kwa Kiswahili. Asikilize wapi alisema "halafu", wapi "kumbe". Kisha asimulie ileile kwa Kiingereza, akigeuka palepale alipogeuka kwanza, hata kama sentensi ni fupi.

Sehemu ya tatu ni mazungumzo ya "kwa nini" na "unaonaje". Huko "it depends" ni mwanzo mzuri, mradi mtu aendelee palepale kueleza inategemea nini: "It depends. If you have your own boat, then yes, but if you work for somebody else…"